Mazda MX-5 ya zamani: mwongozo kamili wa kuihudumia mwenyewe na kuiwekea muziki unaosikika hata turubai likiwa chini

Naanza na jambo moja ambalo ndo linabeba mwongozo wote huu. Kwenye gari ya michezo iliyotumika, service na muziki sio kazi mbili, ni kazi moja. Watu wengi wakishanunua tu wanakimbilia spika na sabufa, wanafunga, wanawasha, afu wanashangaa mbona sauti inavuma, mbona betri inalala, mbona spika ya kulia imeoza baada ya mvua mbili. Maji yanayoingia mlangoni ndo yanaua spika, earth mbovu (muunganiko wa hasi na bodi ya gari) ndo inaleta mluzi, na mpira wa gia uliochanika ndo unaleta kelele inayokufanya uongeze sauti mpaka spika zinachanika. Kwa hiyo tutaanza chini kabisa, kwenye oili na maji na kutu, tupande taratibu mpaka kwenye muziki.

Nachukua mfano wa Mazda MX-5 kizazi cha kwanza, gari ndogo ya viti viwili yenye paa la turubai linaloshushwa, ile ya taa za kuchomoza, iliyooneshwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989 na kutengenezwa mpaka 1997. Japani iliitwa Eunos Roadster, Marekani wakaizoea kama Miata. Zilianza na injini ya 1.6, na 1.8 ikaingia kuanzia 1993. Naipenda kwa sababu ni gari nyepesi, ile ya 1.6 isiyo na makorokoro haifiki tani moja, na karibu kila kitu unakifikia kwa boksi spana za kawaida za milimita. Kama yako ni gari nyingine ya aina hii vipimo vitabadilika ila mpangilio wa kazi ni uleule, we tafuta kitabu cha service cha gari yako.

VIFAA NA KUNYANYUA GARI

Unahitaji seti ya boksi spana kuanzia 8 mpaka 24, bisibisi za nyota na bapa, alenki, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm), multimita ya kawaida, tochi ya kichwani, jeki ya magurudumu na stendi nne. Stendi sio hiari. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia dakika moja.

Mbele jeki inawekwa katikati ya ile krosimemba nzito (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), nyuma inawekwa chini ya difu. Stendi zinakaa kwenye zile sehemu zilizoongezwa nguvu pembeni chini ya milango, kuna alama za mkato mbili mbili utaziona. Zile reli ndefu zinazopita chini ya sakafu zinafanana na chesisi ila ni bati jembamba tu, ukiweka jeki pale zinabonyea, na gari nyingi utakazonunua zimeshabonyezwa tayari na mtu aliyekutangulia.

ANZA NA MAJI NA KUTU KABLA YA INJINI

Hapa nakaa kidogo maana injini ya hii gari inasamehe mambo mengi, bodi haisamehi. Mvua inayoshuka kwenye turubai inakusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, inashuka kwenye mabomba mawili, kushoto na kulia, na kutokea chini ya gari karibu na tairi za nyuma. Yale mabomba yakijaa majani na vumbi maji hayana pa kwenda, yanaingia ndani ya ubavu wa chini wa bodi pale chini ya mlango, yanakaa humo miezi na bati linaoza kutokea ndani. Kwa nje unaona rangi imevimba kidogo tu mbele ya tairi ya nyuma, ukigonga na mpini wa bisibisi unasikia sauti nzito isiyo ya chuma.

Shusha turubai, tafuta tundu la bomba kila upande nyuma ya mkanda wa kiti, mimina maji nusu kikombe taratibu na mtu mwingine aangalie chini kama yanatoka. Yasipotoka chukua kipande cha bomba laini la plastiki, kisukume huku ukizungusha, usitumie waya mgumu maana kule chini kuna kimdomo cha mpira ukikitoboa umeongeza tatizo. Endelea kumimina mpaka maji yatiririke masafi. Hii kazi ni dakika ishirini, ifanye kila baada ya miezi mitatu, na zaidi kama gari inalala chini ya mti.

Ukiwa hapohapo kagua milango. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, vizibue kwa kijiti. Vikumbuke hivyo vitundu, tutarudi kwake tukifika kwenye spika.

OILI YA INJINI

Washa gari ipate joto kiasi, zima, subiri dakika kumi. Boneti juu, fungua kifuniko cha oili, ingia chini na ufungue bolti ya 19 ya sampu (karai la oili chini ya injini). Iache itiririke mpaka iwe matone matone. Filta ndo kero, imejificha chini ya manifoldi ya kuvutia hewa upande wa kulia, njia rahisi ni kutoa tairi ya mbele kulia na kupitisha mkono kwa kule. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka iguse, ongeza kama robo tatu ya mzunguko, basi. Ile washa ya bolti (ringi yake ndogo) weka mpya, kaza Nm 30 hadi 40.

Mimina lita 3.5 kwanza, washa nusu dakika, zima, subiri, soma dipstiki, ongeza kidogo kidogo. Injini hizi zinachukua kati ya lita 3.6 na 4 kutegemea 1.6 au 1.8. Mi natumia 10W-30, kwenye baridi 5W-30. Ukisikia tak tak tak juu ya injini asubuhi usiogope, tapeti zake zinaendeshwa na presha ya oili na zikikaa muda mrefu zinapungukiwa, oili mpya na safari ya kupasha injini vizuri mara nyingi vinamaliza. Ila ile tak tak isiyoisha hata injini ikiwa moto, kwanza angalia kiwango cha oili.

Afu kuna hili linalowachanganya wengi: oili inayodondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Mtu anaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki, ishushwe gia boksi. Kabla hujakubali angalia nyuma ya kichwa cha injini, pale kuna sensa ya mzunguko imekaa na kipete cha mpira kimoja tu, kikikauka oili inashuka nyuma na kufika kulekule. Piga alama ya rangi kati ya sensa na kichwa ili uirudishe ilipokuwa maana ndo inapanga taimingi ya cheche, fungua bolti yake moja, vuta, badilisha kipete, rudisha kwenye alama.

MAJI YA KUPOZEA

Tangi la juu la redieta ni la plastiki. Likiwa jipya ni jeusi, likizeeka linageuka ukijani au ukahawia, na rangi hiyo ikishaonekana hesabu kwamba linaweza kupasuka siku yoyote. Usisubiri lipasuke ukiwa safarini, kichwa cha injini ni cha aluminiamu na kikipata moto kinapinda.

Injini ikiwa baridi kabisa toa kifuniko cha redieta, fungua kizibo cha chini, maji yatoke. Mfumo mzima unachukua karibu lita 6, changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa (distilled) nusu kwa nusu. Jaza taratibu, washa huku kifuniko kikiwa wazi na hita iwe kwenye moto wa mwisho, acha mapovu yatoke mpaka thermostati ifunguke na hozi ya juu ishike joto, jazia, funga. Hozi zote zibonyeze, iliyo ngumu kama ubao au laini kama sponji ibadilishe, na usisahau zile za hita kule nyuma ya injini maana hakuna anayeziangalia.

PLAGI, NYAYA ZAKE NA BELTI

Plagi nazotumia ni NGK BKR5E-11, mwanya milimita 1.1, boksi ya 16, kaza Nm 15 hadi 23 injini ikiwa baridi. Kichwa ni aluminiamu kwa hiyo anza kuzungusha kwa vidole, ikigoma toa uanze tena.

Nyaya za plagi ndo ugonjwa wa kwanza wa hii gari. Ikianza kukohoa ukikanyaga mafuta kwenye mlima, au gia ya tano mzunguko ukiwa mdogo, badilisha nyaya kabla hujagusa kingine. Koili ziko mbili nyuma ya kichwa, moja inalisha silinda 1 na 4, nyingine 2 na 3, kwa hiyo ukizichanganya gari haitawaka sawa, toa moja rudisha moja. Nyaya mbovu zinatoa pia kelele ya umeme, ile krrr inayopanda na mzunguko wa injini na kusikika kwenye redio. Unaona sasa service inavoingia kwenye muziki.

Taimingi belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui historia yake badilisha tu, pamoja na pampu ya maji maana umeshafika pale. Kwenye 1.6 belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, utakwama barabarani lakini injini haifi. Kazi yenyewe inataka subira, kama hujawahi ifanye na mtu aliyewahi. Kwenye 1.6 za mwanzo, 1989 mpaka mapema 1991, angalia puli ya krenki: ikiwa na nafasi nne ni krenki ya pua fupi, zenye nane ni ya pua ndefu. Ile fupi ina udhaifu kwenye kishikizo cha puli, bolti yake ikilegea au ikikazwa vibaya krenki inaharibika, kwa hiyo puli ikiyumba usipuuze hata siku moja.

GIA BOKSI, DIFU, NA ULE MPIRA WA GIA

Kanuni ya kwanza: fungua tundu la kujazia KABLA ya tundu la kumwagia. Ukishamwaga afu tundu la kujazia likagoma, gari haiendi popote.

Gia boksi ya gia tano inachukua lita 2 za 75W-90, mi napendelea daraja la GL-4 kwa ajili ya singromeshi za shaba (zile ringi zinazolainisha kuingiza gia). Difu ya 1.6 ni lita 0.65, ya 1.8 ni lita 1, hiyo weka GL-5. Zote jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa imelala sawa. Gia ya pili ikiwa ngumu asubuhi na kulainika baadae, ndo tabia ya hizi boksi, oili mpya inapunguza sana.

Sasa mpira wa gia. Fungua konsoli ya katikati, toa kifuniko cha ngozi, chini yake utakuta mpira mkubwa wa kuzuia joto na kelele, na chini ya huo kuna mdogo unaofunga kikombe cha oili cha rodi ya gia. Kwenye gari za umri huu mara nyingi yote miwili imechanika. Matokeo yake miguu inaungua, harufu inaingia, na mngurumo wa gia boksi unapanda moja kwa moja mpaka masikioni. Fungua bolti tatu, vuta rodi juu, nyonya oili chafu iliyoko kwenye kile kikombe, weka kama mililita 90 za oili mpya, badilisha kile kikombe cha plastiki mwisho wa rodi kama kimelika, funga mipira mipya. Niliifanya hii kabla sijagusa spika hata moja, na safari ya kwanza nikajikuta napunguza sauti ya redio badala ya kuongeza. Kama utafanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hili.

BREKI NA KLACHI

Pedi za mbele hazina siri, pistoni inarudi kwa kuisukuma taratibu. Za nyuma ndo watu wanavunja vitu, kwa sababu hendibreki iko ndani ya kalipa na pistoni hairudi kwa kusukumwa. Nyuma ya kalipa kuna bolti ndogo inayoziba tundu, itoe, ingiza alenki ya milimita 4, zungusha kinyume cha saa pistoni inarudi yenyewe. Ukishaweka pedi mpya zungusha kisaa mpaka pedi ziguse diski, afu rudisha theluthi moja ya mzunguko. Usiporekebisha hapo hendibreki itapanda mpaka juu bila kushika.

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, badilisha kila miaka miwili, toa upepo ukianzia tairi iliyo mbali zaidi na silinda kuu. Klachi nayo inatumia mafuta ya aina hiyohiyo, na silinda yake ndogo pembeni ya gia boksi inavuja sana kwenye hizi gari. Pedali ikishuka na gia zikaanza kugoma, vuta kile kimpira chake uone, ukikuta maji maji badilisha silinda nzima.

Nati za tairi kaza Nm 90 hadi 118, rudia baada ya kilomita 50.

UMEME KABLA YA MUZIKI

Betri iko kwenye buti upande wa kulia. Kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye vibomba vya kutolea gesi nje. Usiweke betri ya kawaida ya maji isiyo na vibomba, gesi yake inakula bati la buti na ile hewa iliyofungiwa inaweza kulipuka kwa cheche. Weka betri iliyofungwa ya aina ya AGM, unganisha vibomba.

Chukua multimita. Gari imelala usiku mzima, betri isome karibu volti 12.6. Injini ikiwa inawaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo altaneta, belti yake au nyaya zina shida, na hakuna amplifaya itakayokuponya. Pima pia umeme unaonyonywa gari ikiwa imezimwa: toa terminali ya hasi, weka multimita kwenye ampea kati ya terminali na nguzo ya betri, milango imefungwa, subiri dakika kadhaa, isizidi miliampea 50. Andika hiyo namba. Baada ya kufunga muziki utaipima tena.

Earth zote za bodi na injini zifungue, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha na griisi kidogo.

SASA MUZIKI

Tuelewe kwanza tunashindana na nini. Turubai likiwa chini upepo na tairi zinafunika besi na sauti za kati, unabaki unasikia twita tu, ndo maana muziki unasikika kama kopo. Kuongeza sauti hakusaidii kwa sababu redio ya kawaida haina nguvu iliyoandikwa. Ile 50W x 4 ni kilele. Fanya hesabu: redio isiyo na kibadilisha volti ndani inapata volti 14.4 tu, hata ikiunganisha pande mbili kwenye spika ya omu 4 haiwezi kuvuka wati 26 kinadharia, kiuhalisia ni 18 hadi 22. Kwa hiyo tunahitaji amplifaya ndogo, na spika zenye usikivu mkubwa (zinazotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo), dB 90 kwenda juu, kuliko spika za bei kali zenye usikivu mdogo.

Hatua ya kwanza ni mlango wenyewe. Toa kitasa cha kioo au swichi, skrubu za mkono wa mlango, afu banua kadi ya mlango (lile pambo la ndani) kutoka chini, klipu moja moja kwa kifaa cha plastiki. Nyuma yake kuna nailoni iliyogandishwa na gundi nyeusi. Hiyo nailoni sio takataka, ndo inazuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasifike kwenye kadi na spika. Watu wanaichana na kuitupa, afu kadi inavimba.

Safisha bati la nje kwa ndani na spiriti, bandika shiti za butili (mpira mzito wenye gundi) za milimita 2, bonyeza na rola mpaka zishike kabisa. Huhitaji kufunika lote, robo mpaka theluthi ya bati katikati inatosha kuua mtetemo, zaidi ya hapo unaongeza uzito kwenye gari ambayo uzuri wake ni wepesi. Vitundu vya maji kule chini USIZIBE. Halafu yale matundu makubwa ya bati la ndani yafunge kwa shiti au karatasi ngumu ya plastiki na butili pembeni, hapo umepata kizuia maji kipya na wakati huohuo mlango umegeuka boksi la spika. Gonga kabla na baada, kutoka teng inakuwa dum. Besi utakayopata hapa huipati kwa kubadilisha spika peke yake.

Hatua ya pili, spika. Mlango unachukua inchi 6.5 kwenye gari nyingi za hizi, ila kina ni kidogo. Shusha kioo chote kabisa ndo upime, sio kikiwa juu, maana kioo kinapita nyuma ya sumaku. Kama hapatoshi weka ringi ya kunyanyua ya plastiki, ubao utanyonya maji. Chukua spika za vipande, yaani twita peke yake, kwa sababu goti lako linaziba spika ya mlangoni na turubai likiwa chini sauti za juu zinapotea. Twita ipande juu, kwenye ile pembe ya mlango karibu na saiti mira, imetazama abiria wa upande wa pili.

Chanya na hasi za spika zihakikishe kwa betri ya volti 1.5: gusisha chanya kwa chanya, koni lazima itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi zinauana na utatafuta mchawi bure.

Kama gari yako ina zile spika ndogo ndani ya vichwa vya viti usizitupe, badilisha tu maana karatasi zake zimeshaoza. Zikiwa chini chini kabisa zinarudisha sauti ya mwimbaji pale upepo unapoifunika.

Hatua ya tatu, redio. Toa terminali ya hasi ya betri. Kama gari ina mkoba wa hewa subiri dakika kumi, na waya au plagi yoyote ya njano usiiguse, usiipime na multimita. Toa nobu ya gia, konsoli, skrubu za chini za fremu ya katikati, zile tundu mbili za hewa za mviringo zinachomoka, pitisha vidole uachie klipu za juu. Plastiki ya umri huu inavunjika, ifanye gari ikiwa imepata jua kidogo ilainike. Usiamini rangi za nyaya kwa sababu wamiliki waliopita wameshakatakata, tafuta kwa multimita: wa moto muda wote, wa moto funguo ikiwashwa, wa taa, na earth. Unganisha kwa kubana terminali au risasi na mpira unaonywea kwa joto, sio kusokota na tepu. Chagua redio yenye RCA (soketi za kupeleka sauti kwenye amplifaya) za volti 4, krosova ndani (ya kugawa besi na sauti za juu), na kumbukumbu za kuhifadhi mipangilio miwili.

Hatua ya nne, amplifaya. Hapa hii gari inakupa zawadi maana betri ikiwa kwenye buti waya wa umeme hauzidi mita moja. Amplifaya ya daraja D ya chaneli nne, 60W kila moja, mbili ziende milangoni na mbili zilizounganishwa zitoe 150W ya sabufa. Jumla 270W, gawanya kwa ufanisi wa 0.8, gawanya kwa volti 13.8, unapata kama ampea 25. Waya wa shaba halisi milimita za mraba 10, fyuzi ya 40 isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi inalinda waya usiwake moto, hailindi amplifaya, ndo maana inakaa karibu na betri.

Earth iwe fupi, chini ya nusu mita, kwangua rangi mpaka chuma, kaza, afu paka rangi juu isioze. RCA zipite upande mmoja wa gari, umeme upande mwingine.

NA HILI SOMA MARA MBILI: tangi la mafuta liko nyuma ya viti, chini ya ile shelfu. Usitoboe wala kupiga skrubu pale. Amplifaya ifunge kwenye ubao, ubao ushikwe na bolti zilizokuwepo.

Sabufa usiweke kwenye buti. Kati ya buti na kabini kuna ukuta wa chuma na tangi, besi itatikisa namba ya gari tu na we hutasikia. Weka sabufa bapa ya inchi 8 kwenye boksi lililofungwa pale miguu ya abiria inapokanyaga, mbele kabisa, na wavu wa chuma juu yake.

Hatua ya tano, kupanga geini. Geini sio sauti, ni kulinganisha redio na amplifaya. Chomoa spika, ekwalaiza zote sifuri, milango ikatwe chini ya 80 Hz na sabufa ikatwe juu ya hapohapo. Redio iwe robo tatu ya mwisho wake, piga toni ya 1 kHz iliyorekodiwa 0 dB, multimita kwenye volti za AC. Unachotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake 15.5, kwa hiyo panda mpaka volti 15.5 uache. Sabufa kwa toni ya 50 Hz: 150 mara 4 ni 600, volti 24.5. Huo ndo mwisho, na kiuhalisia sabufa utaishusha kidogo kwa masikio.

Ukisikia mluzi unaopanda na mzunguko wa injini, chomoa RCA kwenye amplifaya. Ukiisha, shida iko kwenye redio, earth yake au njia ya RCA. Usipoisha, ni earth ya amplifaya yenyewe. Usinunue kichujio kabla hujajua ni wapi.

Mwisho hifadhi mipangilio miwili. Turubai likiwa juu, acha ekwalaiza karibu na sifuri, sabufa ndogo. Turubai likiwa chini, tafuta barabara tulivu, mwenzako aendeshe kilomita 80 kwa saa, we panga: pandisha 100 mpaka 200 Hz kwa dB 3 au 4 maana hapo ndo kelele ya tairi inakula, 2 kHz kidogo kwa ajili ya sauti ya mwimbaji, zile za juu kabisa usiguse. Jaribu vioo vikiwa juu na kile kizuia upepo nyuma ya viti kikiwa kimesimama, mara nyingi utajikuta unapunguza tena ulichoongeza.

Iache gari ilale usiku mmoja, asubuhi pima ule umeme unaonyonywa ulinganishe na namba uliyoandika. Baada ya wiki fungua buti, shika kila terminali kama ina joto, kaza ile bolti ya earth tena, na mvua ya kwanza ikinyesha ingiza mkono chini ya kadi ya mlango uone kama pakavu.